Mahindi Shimoni

Mbinga, Alhamisi jioni, mwezi wa saba.

Ukungu umeshuka tangu mchana na haujaondoka. Mwenye gesti ameniletea blanketi la pili bila kuombwa, nimejifunika yote mawili, nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, na bado nasikia baridi. Nikasema ni baridi ya Mbinga, hii inajulikana. Lakini baridi ya Mbinga huisha kwa chai.

Naogopa.

Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Wachache mnaosoma blogu hii mmenizoea kwa vituko vya ofisini na ugomvi wangu na jiko la gesi. Mimi nikiogopa hucheka. Leo nimejaribu mbele ya kioo cha hapa chumbani, nikaona uso wa mtu anayeumwa jino, nikaacha.

Kwa asiyenijua: mimi ni mhadhiri wa jiografia. Kila mwaka majira haya wanafunzi wetu wanaosomea ualimu wanasambazwa kwenye shule za sekondari wakafundishe kwa vitendo, na sisi wahadhiri tunatumwa kuwakagua. Tunatumwa wote, hata sisi ambao hatujawahi kufundisha sekondari hata kipindi kimoja. Mwaka huu nilipangiwa Mbinga, nikashangilia, kwa sababu kwetu ni huku huku, chini ziwani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Leo nimalizie mwanafunzi wa mwisho, kesho asubuhi nipande basi la Mbamba Bay niteremke kwa Mama, nile samaki mpaka Jumapili.

Huyo wa mwisho anaitwa Neema. Kwao Shinyanga, nchi ya tambarare, na amepangiwa shule moja ya mlimani njia ya kwenda Litembo. Amepanga chumba kijiji cha bondeni, kwa hiyo kila asubuhi anapanda mlima kwa miguu akikatiza mashamba ya watu. Ni binti wa adabu na bidii. Chuoni alikuwa anakaa mstari wa mbele na kuandika kila nilichosema. Nadhani hata nilipokohoa aliandika.

Leo alikuwa na kidato cha pili, mada ya kuhifadhi udongo. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wa kunyooka, sauti inasikika. Mimi nimekaa dawati la nyuma na kalamu yangu, nimeridhika, nusu ya akili iko tayari ziwani.

Akaandika ubaoni neno NGORO.

Darasa likachangamka. Somo zima linaendeshwa kwa Kiingereza, halafu ghafla neno la nyumbani limekaa ubaoni kwa herufi kubwa. Watoto wakatazamana, wakacheka chini chini. Kwa msomaji wa mbali, ngoro ni kilimo cha Wamatengo cha kwenye miteremko: ukiutazama mlima kutoka ng'ambo, unauona wote umechimbwa vishimo vishimo kama sega la nyuki. Nami kule nyuma nikatabasamu, maana mfano huo wa ngoro ni wangu. Naufundisha kila mwaka chuoni, na picha yake ninayo kwenye slaidi.

Kisha Neema akachora. Akachora shimo, na ndani ya shimo akachora mche wa mahindi, na mshale, na maelezo kwamba mbegu hupandwa ndani ya shimo ili ipate maji. Ni mchoro ule ule wa slaidi yangu, mpaka mshale wake.

Kicheko kikakoma.

Pembeni yangu alikaa msichana mwenye sweta la bluu lililotoboka kiwiko. Yeye alikuwa ameshaanza kuchora kabla ya mwalimu, tangu lilipoandikwa lile neno. Alikuwa amechora shimo, akalizungushia matuta, na juu ya matuta akapanga mahindi, vizuri, kwa penseli iliyochongwa. Akainua macho akatazama ubao. Akatazama daftari lake. Akatazama ubao tena. Halafu akachukua ufutio, akayafuta mahindi yote ya kwenye matuta, akapuliza vumbi lake, akachora mche mmoja ndani ya shimo.

Hakukunja uso wala kumnong'oneza jirani. Alifuta kama mtu anayesahihisha kosa lake mwenyewe.

Nikageuka dirishani. Ng'ambo ya bonde kuna shamba la mtu, mahindi yameshavunwa na mabua bado yamesimama. Yamesimama juu ya matuta. Mashimo katikati yake ni matupu, kazi yake ni kukamata maji ya mvua yasiporomoke na udongo. Hakuna bua hata moja ndani ya shimo, mlima mzima. Nimeyaona mashamba hayo tangu utotoni kwenye dirisha la basi, kila nilipopanda kwenda shule na kila nilipoteremka likizo. Sisi wa ziwani tunajua muhogo na tunajua samaki. Ngoro tunaijua kwa kuwatania Wamatengo kwamba wanalima makaburi.

Ile picha niliitoa kwenye kitabu cha mbali, cha nchi kavu ambako kweli watu hupanda mbegu shimoni. Niliona mashimo, nikasema si ndiyo ngoro hii, nikaibandika na kuiandikia jina. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi si mtu wa mkoa huu? Nani angenifundisha ngoro?

"Tumeelewana?" Neema akauliza. Hilo huwa linaulizwa kwa Kiswahili hata kama somo ni la Kichina.

"Ndiyooo, mwalimu!"

Juu ya ubao pameandikwa kwa rangi, KUUliza SI UJINGA, na aliyeandika alikosea ukubwa wa herufi katikati. Niliyakodolea macho maneno hayo ili nisimtazame yule msichana.

Wakati huo mkuu wa shule alikuwa ameingia na kusimama mlangoni. Akaniambia kwa heshima zote, "Madam, wasalimie watoto, uwaachie neno." Nikasimama. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema jamani, hebu tutazame nje kidogo. Ningeweza kuuliza nani nyumbani kwao wanalima ngoro, na mikono yote ingeinuka. Nikamwona Neema amesimama na chaki, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikamwona mkuu wa shule. Mdomo wangu ukafunguka ukasema:

"Mwalimu wenu amefundisha vizuri sana. Mmeelewa?"

"Ndiyooo, madam!"

Mwenye sweta la bluu naye aliitikia. Nilimsikia, sauti yake ni nyembamba.

Nikampa Neema alama nzuri. Alipiga goti kidogo kunishukuru, akasema, "Asante sana madam, mimi kila kitu nimejifunza kwako." Tangu hapo ndipo baridi hii ilipoanza. Kwenye bodaboda ya kurudi mjini dereva aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Nimekaa hapa nikikumbuka siku nilipompigia Mama simu kumwambia nimebakizwa chuoni. Ndivyo tunavyosema: ukifaulu sana unabakizwa, unapewa ofisi na darasa, uliyekuwa unafundishwa jana leo unafundisha. Nikasikia Mama analia. "Kwani mwanangu umefeli nini?" Kwake kubakizwa ni kurudishwa darasa. Tulicheka sana baadaye, na mpaka leo ni kichekesho cha familia.

Leo sikioni kichekesho. Nilibakizwa kwa sababu nilijua kujibu mitihani. Hakuna aliyeniuliza kama najua kumfanya mtu mwingine aelewe. Nilipewa orodha ya mahudhurio na funguo za ukumbi, nikaanza kufundisha kwa namna nilivyofundishwa, na aliyenifundisha naye alibakizwa vivyo hivyo.

Si kwamba chuo hakijaona. Muhula uliopita tuliitwa semina ya kutufundisha kufundisha. Watu walinuna. Mtu ana udaktari wake wa miaka, leo afundishwe kushika chaki? Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mtaratibu, anaongea polepole kana kwamba ana siku nzima. Alituambia tuache kuuliza "mmeelewa". Alisema swali hilo lina jibu moja tu, na ukiuliza swali ambalo haliwezi kukosewa hujauliza kitu. Nililiandika hilo, nikalipigia mstari. Mwishoni mwenzetu mmoja akasimama kutoa shukrani, akageukia ukumbi: "Haya, tumeelewana?" Ukumbi mzima, madaktari na maprofesa, tukaitikia "Ndiyooo!" Tulicheka mpaka machozi. Tukapiga picha ya pamoja, tukaenda kula.

Alituachia kazi moja. Kila mtu apangwe na mwenzake, aende kukaa kwenye mhadhara wa mwenzake, asikilize, atazame slaidi zake, kisha waambiane ukweli. Mimi nilipangwa na Daktari Ndunguru wa takwimu, rafiki yangu wa chai. "Mtani, mimi nakuamini," akasema. "Na mimi nakuamini," nikasema. Tukajaza kwenye fomu kwamba tumetembeleana, na tukaona tumeheshimiana.

Ndunguru ni Mmatengo. Kwao Ukata, huku huku mlimani. Amekua kwenye ngoro, jembe analijua kabla ya kalamu. Angekuja kwenye mhadhara wangu mmoja tu, hata wa kusinzia, angeona.

Alasiri nimempigia. Nilimwambia mara moja kabla sijabadili mawazo: kwenye slaidi yangu ya ngoro mahindi yako shimoni, na leo nimeyakuta kwenye madaftari ya watoto wa kwenu.

Alicheka kwanza. "Shimoni! Mtani, umetupandia mahindi kisimani! Mama yangu akikusikia atakufukuza na jembe mpaka ziwani kwenu!" Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Naye taratibu akaishiwa.

"Umeifundisha kwa muda gani?"

"Tangu nilipobakizwa."

Nikasikia mlango wake ukifungwa.

"Na darasani kwako," akasema kwa sauti ya chini, "akina Ndunguru hawakuwemo? Akina Kapinga? Akina Komba wa huko juu?"

Walikuwemo. Kila mwaka kwenye ukumbi ule wapo watoto wa Mbinga wenye majina hayo. Waliiona picha, wakajua, wakanyamaza. Kwenye mtihani wakaandika mbegu hupandwa shimoni, nami nikawawekea vema nyekundu. Sasa ni walimu. Wako Kigoma, wako Mtwara, wengine wako huku huku. Huyu msichana wa sweta la bluu mwisho wa mwaka akiulizwa swali hili kwenye mtihani wa taifa, sijui ataandika alichokiona kwa mama yake au alichokiona ubaoni. Akiandika cha mama yake, anayesahihisha huenda akawa mwanafunzi wangu.

Nilimwambia Ndunguru nataka kurudi shuleni kesho, nisimame mbele ya darasa lile lile.

"Usirudi," akasema. "Sikia, mtani. Utamharibia yule binti. Watoto watamwona hajui, na bado ana wiki kadhaa pale. Mkuu wa shule atasimulia wenzake, itafika kwa mkuu wa idara kabla wewe hujafika kwa mama yako. Na jina lako ndilo lililo mezani la kupandishwa cheo. Rekebisha slaidi kimya kimya. Mwakani utafundisha sawa."

Ushauri wa rafiki. Wala hakusema uongo, kila alichosema kinaweza kutokea. Nilikaribia kumshukuru.

Halafu kabla hajakata simu akasema, kama mtu anayejisemea, "Lakini mimi slaidi zangu nani amewahi kuziangalia?" Kisha akakata.

Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Ndiyo maana yule mama wa semina alitaka tutazamane.

Naandika hofu zangu wazi ili nione zina sura gani. Naogopa kicheko cha watoto. Naogopa uso wa Neema. Naogopa kusikia jina langu likisemwa kwenye korido kisha watu wakanyamaza nikipita. Naogopa kwamba ngoro ni kosa nililobahatika kuliona kwa sababu mlima ulikuwa dirishani. Yale mengine ninayoyafundisha, ya barafu na majangwa na bahari nisizowahi kuziona, nani atanifungulia dirisha?

Na naogopa zaidi kitu kimoja. Kila nikienda nyumbani, Mama huniuliza tukiwa tunakula, "Na hao wanafunzi wako, wanakuelewa?" Nami hujibu, "Ndiyo, Mama."

Kesho kutwa ataniuliza tena. Anauliza kwa mazoea tu, huku anachambua miiba ya samaki. Sidhani kama nitaweza kumeza.

Basi la Mbamba Bay litaondoka bila mimi. Nimeshaongea na yule dereva wa bodaboda wa leo, amekubali kunifuata asubuhi. Akaniuliza kama nimesahau kitu huko shuleni. Nikamwambia ndiyo.

Kisha nikamwandikia Neema. Nimefuta mara nyingi kuliko yule msichana. Mwisho ujumbe ulikuwa hivi: "Neema, kesho narudi. Naomba nifundishe mimi kipindi chako cha kidato cha pili. Mchoro wa ngoro si sahihi, na kosa ni langu, lilianzia kwenye slaidi yangu, na hivyo ndivyo nitakavyowaambia watoto na mkuu wa shule. Sitachora kitu. Nitampa chaki mtoto yeyote anichoree shamba la kwao, kisha wenzake waseme kama ni hivyo."

Jibu lilikuja upesi.

"Sawa madam, nimeelewa."

Niliitazama ile sentensi mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Sikuwa nimemuuliza kama ameelewa. Amejibu tu, kama walivyojibu watoto, kama tulivyojibu sisi kwenye semina, kama ninavyomjibu Mama. Nusura niiache ipite, maana ni jibu zuri, halina usumbufu, na mtu akishakwambia ameelewa unaweza kwenda kula.

Nikaandika: "Umeelewa nini?"

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika. Nje mwenye gesti alikuwa anamwita mtoto wake aingize kuni zisilowe na ukungu. Nikadhani nimemuudhi binti wa watu. Nikawaza kumwandikia "usijali, tutaongea kesho". Kidole kilikuwa tayari kwenye herufi.

Ndipo jibu likaja. Nalinakili kama lilivyo, yeye mwenyewe ameniruhusu:

"Madam, mimi kila siku nikija shule napita kwenye ngoro za watu. Nayaona mahindi yako juu ya tuta. Nilikuwa nafikiri hawa wakulima wanakosea."

Mablanketi yote mawili yako sakafuni na sikumbuki kuyatupa.

Bado naogopa, sana. Asubuhi nitapanda ile bodaboda na hofu yangu nyuma yangu, mlima utakuwa upande wa kushoto, na safari hii nitautazama.